Pikapu ya mzigo nilianza kuikagua mbele, kumbe ilikua imeshafia nyuma

Pikapu yangu ya kwanza niliinunua kwa masikio. Yaani nilifika, mwenye gari akapiga stata, injini ikaitika hapohapo ikatulia, na mi nimesimama pembeni mikono kiunoni kama mtu anayejua anachosikiliza, nikatikisa kichwa, nikaomba boneti ifunguliwe nikakuta ndani pamesuguliwa panang'aa, nikakaa kwenye siti nikakuta kava mpya, redio inapiga, vioo vinapanda na kushuka, basi roho ikasema hii ndo yenyewe. Ilikua dabo kebin (ile yenye siti za mbele na za nyuma), foo wili, imenyanyuka, rangi mpya. Nyuma nilipita tu nikaipiga bodi, lile sanduku la kuwekea mzigo, kofi moja, ikalia kama chuma, nikaridhika. Chini sikuinama hata mara moja, na sababu ntaisema tu japo ni aibu: siku hiyo nilikua nimevaa shati jeupe.

Gari lenyewe sitalitaja ni la kampuni gani maana kosa halikua la kampuni, lilikua la aliyelipakia kabla yangu na mimi niliyelipakia baada yake.

Kazi niliyokua nainunulia ni ya kubeba. Tofali, mbao, mchanga kidogo kidogo, watu wanaohama nyumba, tenki za maji. Miezi miwili ya kwanza raha tupu. Mwezi wa tatu nikapakia tofali za kuchoma, wala hatukuzihesabu, tulipanga tu mpaka zikafika usawa wa juu wa bodi, nikavuka tuta moja ambalo nalivuka kila siku, nikasikia mlio. Sio mlio wa springi wala wa tairi, ni kama mtu kavunja ubao mkavu nyuma ya kisogo changu. Kwenye kioo naona bodi imeinama mkiani. Kushuka, ule uwazi kati ya kebini na bodi ambao kawaida unaingiza vidole viwili, juu unaingiza ngumi, chini bati limegusana na bati. Nikakaa pembeni ya barabara nikawa naziangalia tofali zangu.

Fundi aliyekuja alikua mtu mzima, hana maneno mengi. Akaingia chini na tochi, akakaa huko muda, akatoa kichwa akaniita, "Mdogo wangu, njoo ulale hapa." Nikalala. Akanimulikia pale juu ya ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu, chesisi, yaani mifupa ya chini inayobeba gari lote, ina mshono wa kuchomelea wa zamani, umepigwa grainda ukalainishwa, ukapakwa ile rangi nyeusi nzito ya kuzuia kutu, na chuma kimepasuka sentimita chache pembeni ya mshono, sio kwenye mshono wenyewe. Akasema ndo kawaida, moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma cha jirani, mshono unabaki imara ila jirani yake ndo anachanika. "Hii ilivunjika mgongo kabla hujaijua. Ulipoenda kuinunua ulilala chini hivi?"

Hapana mzee.

"Sasa ulikua unanunua nini?"

Sikua na jibu. Nilikua nimenunua injini na redio. Baadae nikachukua tofali moja nikaliweka kwenye mizani, kilo 3. Tukazihesabu wakati wa kuhamishia gari lingine, 520. Zidisha mwenyewe, ni kilo 1,560, na ile bati ya mlangoni inayotaja uzito wa juu wa gari, ambayo nilikua sijawahi kuisoma, ukipiga hesabu vizuri ilikua inaniruhusu kama nusu ya hapo. Kwahiyo huyo muuzaji nilimlaani wiki nzima ila nusu ya laana ilikua yangu.

Huyu mzee ndo akawa mwalimu wangu. Nilimwambia nataka nyingine, ya bei ya chini, safari hii nikague mwenyewe nikikwama nimuite. Akanipa sheria moja tu, kwamba gari ya kutembelea unaanza kuikagua mbele, gari ya mzigo unaanza nyuma, boneti ni ya mwisho na ukikuta nyuma pabovu hata usiifungue. Hoja yake ilikua rahisi. Injini ikifa unapata nyingine unaweka, gia boksi hivyohivyo, difu (zile gia za kwenye ekseli) hivyohivyo, ni hela inauma lakini ni kazi ya siku mbili tatu. Chesisi ndo gari lenyewe, namba imegongwa pale, ukiibadilisha umeingia kwenye mambo ya makaratasi, na mara nyingi bei ya kuibadilisha kwenye gari ya bei rahisi inazidi gari lenyewe.

Basi nikaanza kuzunguka. Niliona gari saba kabla sijanunua na ntakwambia nilichokua nafanya.

Kabla ya kuinama nasimama nyuma kama hatua kumi, gari iko tupu, sehemu tambarare. Naangalia kama imelala upande. Alafu naenda ubavuni naangalia ule uwazi wa kebini na bodi, kulia na kushoto, juu na chini. Ukiwa sawasawa pande zote poa. Ukiwa juu mpana chini mwembamba, chesisi imeinamia mkiani, hapo sihitaji hata kuuliza bei. Kuna wajanja wanalegeza boliti za bodi wanaweka vipande vya chuma ili uwazi uonekane sawa, kwahiyo huko chini ukikuta boliti za bodi zina washa (vile vipete vya chuma) nyingi upande mmoja jiulize kwanini. Alafu nina futi ya kupimia, napima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma, kulia, alafu kushoto, matairi ya mbele yakiwa yamenyooka. Tofauti ya milimita chache haina shida, ila moja ya zile saba ilitofautiana karibu sentimita 3, mwenye nayo akaniambia zimetoka hivyo kiwandani. Nikamshukuru nikaondoka.

Alafu ndo nalala. Na boksi la kadibodi natembea nalo, shati nimeshajifunza. Tochi, na bisibisi ndefu. Sehemu zenyewe ni chache, sio lazima uijue gari nzima: nyuma ya kebini pale chesisi inapoanza kupinda kwenda juu, juu ya ekseli, na pale springi zinaposhikiliwa mbele na nyuma. Unatafuta mpasuko, mshono wa kuchomelea ambao hauna mwenzake upande wa pili (kiwanda kikichomelea kinachomelea pande zote mbili zifanane), kutu inayobanduka kama magamba, na rangi mpya. Rangi mpya chini ya gari ya zamani mi naiogopa kuliko kutu. Kutu ya juujuu ni uzee tu, unaikwangua unakuta chuma. Ila mtu aliyetumia hela kupaka chesisi rangi wiki moja kabla ya kuuza, alikua anaficha nini? Ndo maana ya bisibisi, unagonga na kuchokonoa, chuma kizima kinalia ngaa, kilicholiwa kinalia kwa kujifia, na kwenye moja bisibisi ilizama kabisa, mwenye gari akakasirika eti nimemtobolea gari.

Springi sasa. Hapa ndo nilikua mjinga kuliko kote, maana zamani nikiona pikapu imeongezewa bamba za springi nilikua nafurahi, naona hii imeimarishwa, itabeba. Mzee alicheka sana. Kuongeza bamba ni kuongeza bamba tu. Ekseli ni ileile, bearingi zilezile, breki zilezile, chesisi ileile, na sasa ule mzigo ambao springi zilikua zinakukatalia kwa kulala, zinakukubalia, alafu bili inaenda kwa chesisi. Bamba zilizoongezwa ni kama mtu kukuandikia barua kwamba gari hii ilikua inazidishiwa. Linganisha kulia na kushoto, hesabu bamba, angalia kama kuna iliyokatika (inakua na mstari mweusi wa ufa, au ncha imesogea), angalia zina upinde au zimenyooka kama rula wakati gari haina kitu. Zikinyooka tupu, zikipakiwa zinapinduka.

Na kuna kitu kingine sikuwahi kukisikia mpaka mzee aliponionyesha. Pikapu nyingi za zamani zina vali ya breki pale nyuma, imeungwa na ekseli kwa kifimbo au kaspringi. Kazi yake ni kupima gari imelala kiasi gani. Ikiwa tupu, bodi iko juu, vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisijifunge zikakuzungusha. Ikipakiwa, bodi inashuka, kile kifimbo kinasukumwa, vali inaruhusu breki za nyuma zikamate kwa nguvu. Sasa mtu kaongeza bamba tatu, gari imepakiwa tani na haijashuka, vali inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinakamata kidogo, za mbele zinafanya kazi peke yake kwenye mteremko na mzigo mgongoni. Nyingine utakuta kifimbo kimefungwa waya tu au kimeng'olewa kabisa. Nikikumbuka miteremko niliyoshuka na ile ya kwanza, iliyokua na bamba za nyongeza mbili kila upande, nasikia baridi.

Tuje kwenye uzito maana watu wengi wanasema tu "ni pikapu ya tani moja" na mi nilikua nasema hivyohivyo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kwenye bati ndani ya boneti kunaandikwa uzito wa juu ambao gari na vyote vilivyomo visizidi. Unatoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndo unachoruhusiwa, ila sio cha mzigo peke yake. Tuseme imebaki kilo 1,000. Wewe na wapakiaji wawili kwa kilo 75 kila mmoja ni 225. Umechomelea keria ya chuma kilo 60. Imebaki 715, yaani mifuko 14 ya saruji ya kilo 50, na wa 15 umezidisha. Mchanga ndo muuaji kabisa kwasababu unaonekana kidogo. Bodi ya singo kebin (yenye siti za mbele tu) ya mita 2.2 kwa 1.5 na kina cha sentimita 40 inaingia mita za ujazo 1.3 hivi, na mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama kilo 1,600, kwahiyo ukiijaza mpaka ukingoni umebeba tani mbili na ushee kwenye gari ya tani moja, na kama mvua ilinyesha jana hata usihesabu. Maji angalau ni rahisi, lita ni kilo, tenki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima na linacheza linapotembea, mi nabeba matupu tu.

Kwahiyo kabla ya kuchagua gari kaa chini uandike mzigo wako wa kawaida una kilo ngapi na urefu gani. Mi nilipofanya hivyo ndo nikagundua dabo kebin ilikua makosa toka mwanzo hata kama isingekua mbovu. Bodi yake ni mita moja na nusu hivi, singo kebin inazidi mita mbili. Mbao za mita 4 kwenye dabo zinaning'inia nje zaidi ya zilivyo ndani, na uzito mwingi unaenda nyuma ya ekseli, ndo unaovunja chesisi. Kwenye singo mzigo mwingi unakaa mbele ya ekseli au juu yake. Foo wili nayo ni nzuri kama unapita matope kweli, ila ile ekseli ya mbele na gia za ziada ni kilo unazozitoa kwenye mzigo wako, inakunywa zaidi, inakua ndefu kwenda juu yaani kila kitu unakipandisha kifuani badala ya kiunoni. Unyanyue friji mara tatu kwa siku utanielewa.

Kuna wakati nilitamani hata vile vidogo vya Kijapani, Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, vya cc 660. Watu wanavicheka lakini bodi yake inakaribia mita 2, inazidi ya dabo kebin, kuta zinafunguka pande tatu, sakafu iko tambarare, na gari nzima kwa sheria ya Japani haizidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48 kwahiyo inapita popote. Mzigo ni kilo 350. Kama kazi yako ni magodoro, mboga, vifurushi, mabomba ya plastiki, huna haja ya zaidi ya hapo. Mimi tofali zingeiua ndani ya wiki.

Tairi nilikua naangalia kashata tu, ile michoro ya juu inayokanyaga barabara, kama imebaki. Sasa nasoma ubavu. Kuna tairi za gari ndogo na kuna za mzigo, za mzigo zina herufi C mwishoni mwa saizi au LT mwanzoni, na kuna namba ya uwezo. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900. Ekseli ya nyuma ya pikapu iliyopakiwa inaweza kufika kilo 1,500 na zaidi, kwahiyo mbili za 91 zinakupa 1,230 na umeshazidisha hata kabla ya kuondoka. Muuzaji anaweka zile za gari ndogo maana ni rahisi na zinang'aa. Alafu kuna namba nne ndani ya kaduara karefu, mbili za kwanza wiki mbili za mwisho mwaka, 3417 ni wiki ya 34 ya 2017. Nilikuta gari moja inaitwa "tairi mpya kabisa", kashata nzima kweli, imepasukapasuka pembeni kama udongo mkavu, kuangalia tarehe ina miaka kumi na moja.

Injini nisiizungumzie sana maana ndo kila mtu anaizungumzia. Uikute ya baridi, hilo tu ndo la lazima. Nilikua nampigia mtu simu namwambia usiiwashe mpaka nifike, nikifika nagusa boneti, ikiwa ya moto naona tayari tumeanza vibaya, kuna kitu kimepashwa ili kisionekane. Ikiwaka nasimama nyuma. Moshi wa bluu unakula oili, mweusi mafuta mengi hewa kidogo, mweupe usioisha hata ikipata moto huo ni maji yanaingia au nozo, zile za kunyunyizia mafuta, zimechoka. Kifuniko cha oili kikiwa na utando kama maziwa ya kahawa funga boneti uage. Injini ikiunguruma ukifungua kifuniko hicho na ukaona inapumua kwa nguvu kama pampu, ringi za pistoni zimekwisha. Na uliza habari ya taimingi, yaani kinachozungusha valvu ziende sawa na pistoni, kuna injini zinazotumia mnyororo kama 22R ya Toyota, kuna za gia tupu kama TD27 ya Nissan, na kuna za mkanda kama 4D56 ya Mitsubishi. Mkanda sio ubaya, ni ratiba tu, ila ukikatika valvu zinagongana na pistoni, kwahiyo kama mwenye gari hana uhakika ulibadilishwa lini mi nahesabu haujabadilishwa na nautoa kwenye bei siku hiyohiyo.

Kilomita za kwenye dashibodi sizisomi tena, naangalia raba ya pedali ya klachi. Ile ya kwanza ilisoma 90,000 na pedali imeisha mpaka chuma, na mimi niliona nikafikiri labda dereva alikua anavaa buti.

Kitu ambacho mzee hakunifundisha, nilikibuni mwenyewe, ni kwenda na washkaji wanne wenye miili. Naomba kujaribu gari kwenye uwanja, wao wanapanda bodi, kilo 320 hivi za bure. Unaona springi zinashuka sawa au upande mmoja unazama. Unasikia tairi inasugua bodi. Unaweka gia ya tatu ukiwa unatambaa unakanyaga mafuta, injini ikipanda mlio na gari haiongezi mwendo klachi inateleza. Unakanyaga breki taratibu uone inavutia upande gani. Ukiachia na kukanyaga mafuta ukasikia ko, ko chini, ni krosi za propela, yaani viungo vya ule mti unaopeleka nguvu nyuma. Difu ikivuma kama nyuki ukikanyaga na ikanyamaza ukiachia, nayo andika. Gari tupu inadanganya vizuri sana, hao wanne wamenisaidia kukataa gari mbili ambazo mi peke yangu ningelipa.

Na swali. Swali la maana kuliko yote nimegundua ni "ulikua unabebea nini?" alafu unyamaze. Yule wa kwanza alinijibu "mizigo ya kawaida tu kaka" na mi nikaridhika. Sasa bodi yenyewe inajibu kabla yake. Sakafu iliyobonyea katikati ya mbavu ni mawe au vyuma. Ukuta wa mbele wa bodi uliogongwagongwa ni mabomba au mbao zinazoteleza. Kona zenye kutu nyeupenyeupe ni chumvi, mbolea au samaki, na hiyo inakula chesisi pia. Kama kuna plastiki imetandikwa sakafuni naomba inyanyuliwe, akikataa sawa, gari ni yake.

Ya saba ilikua mbaya. Singo kebin, ya kuvuta nyuma tu, rangi imepauka mpaka haijulikani ilikua bluu au kijivu, mlango wa abiria umebonyea na unafunguliwa kwa ndani, redio hakuna, kuna tundu tu na nyaya. Mwenye nayo mzee mmoja mpole, nikamuuliza alikua anabebea nini akasema magodoro. Miaka tisa anabeba magodoro. Nikalala chini nikatamani kucheka, chesisi ina kutu ya vumbi tu, namba inasomeka vizuri na inafanana na ya kwenye kadi ya gari, na jina la kwenye kadi ni lake mwenyewe kama la kitambulisho, springi zina upinde kama zimetoka dukani, kile kifimbo cha vali ya breki kipo mahali pake kimejaa tope la zamani, hakijaguswa na mtu. Uwazi wa kebini na bodi vidole viwili, juu, chini, kulia, kushoto. Magodoro yanajaza gari lakini hayana uzito, mwili wa gari unakua wa kijana na uso wa mzee. Injini ilikua na kamoshi keusi na ilichelewa kidogo kuwaka, na watu wengi walikua wameikataa kwa hilo, mwenyewe aliniambia.

Bei nilishusha kwa vitu nilivyoweza kumwonyesha kwa kidole, tairi mbili, krosi moja, bearingi ya gurudumu iliyokua inavuma. Sikumsema gari lake vibaya, nilimtajia vitu na akakubali vyote kasoro bearingi, akasema hiyo ni barabara. Robo ya hela yote niliyokua nayo nilikua nimeitenga ya matengenezo ya mwanzo, na nashukuru kwasababu iliisha karibu yote: rejeta ilikua imeziba ikaanza kuchemsha kwenye mlima wa kwanza wenye mzigo, magodoro hayakuwahi kuiomba nguvu hiyo, kikafuata kile kibearingi cha katikati ya propela, breki za nyuma zikabadilishwa viatu na dramu moja. Bearingi ya gurudumu haikua barabara. Nozo zikasafishwa na moshi ukapungua, haujaisha, na sijali.

Sasa ina miaka minne kwangu. Napakia kwa hesabu, wateja wengine wananikimbia wanasema huyu analeta habari za mizani, wanaenda kwa wanaobeba safari moja nachobeba mimi mbili. Wengine wanarudi.

Jirani yangu alinunua gari mwaka jana, dabo kebin, nikaenda naye na boksi langu na tochi. Nikamwambia ukweli, chesisi nzima, springi nzima, gari nzuri, ila kama ni ya mzigo bodi fupi. Akaniambia ana watoto watatu, mzigo ni mara moja moja. Nikaona ana haki, gari ni ya anayeilipia. Juzi kanipigia simu nimsaidie kuhamisha friji, kwenye gari yake haikulala ndani mpaka mlango wa nyuma ukafunga, na mkewe hataki isafiri na mlango wazi. Nikamuuliza kwanza friji ina kilo ngapi, akakata simu.